Ngiri na Upasuaji Wake: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutia Saini

Neno ngiri, kama lisemwavyo mitaani, limebebeshwa maradhi mengi kuliko linavyostahili. Matangazo ya dawa za mitishamba yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme na vituo vya daladala huitaja ngiri kuwa chanzo cha tumbo kuunguruma, kiuno kuuma, choo kigumu kama cha mbuzi na kupungua kwa nguvu za kiume; kisha huahidi kuimaliza kwa chupa mbili tatu. Ngiri tunayoizungumzia katika sura hii ni kitu kimoja tu, nacho huonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Ni uvimbe unaojitokeza pale ambapo ukuta wa misuli ya tumbo umelegea au umeachia nafasi, na utumbo au mafuta ya ndani ya tumbo yakapata upenyo wa kusukumwa nje hadi chini ya ngozi. Upenyo wa namna hiyo hauzibwi na dawa ya kunywa, ya kupaka wala ya kuchanjiwa. Kwa mtu mzima haujifungi wenyewe. Mkanda wa kubana kinena huweza kuuzuia uvimbe usitokeze kwa saa kadhaa, lakini hauponyi. Njia ya kuuziba upenyo huo ni upasuaji.

Hilo ni jambo lisilo na ubishi. Yenye ubishi ni yale yanayofuata, nayo ndiyo yanayomhusu mlaji: upasuaji upi, lini, kwa ganzi gani, kwa mikono ya nani na kwa gharama ipi. Mgonjwa anayeanza kuuliza mapema ana nafasi ya kuchagua. Anayefikishwa hospitalini usiku, utumbo ukiwa umebanwa, hana tena la kuchagua. Hupasuliwa na daktari aliyepo, kwa njia inayowezekana, na familia hutafuta fedha huku saa zikienda. Ndiyo sababu tumeona vyema kulieleza suala hili kwa kirefu.

Kwanza, uvimbe wenyewe ni upi

Ngiri inayotokea mara nyingi zaidi ni ile ya kinena. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake huanzia ndani ya tumbo, karibu na figo, kisha hushuka polepole hadi kwenye mfuko wake. Njia zinamopita hubaki kuwa sehemu dhaifu katika ukuta wa tumbo kwa maisha yote. Kwa sababu hiyo ngiri ya kinena huwaandama wanaume zaidi: inakadiriwa kuwa katika kila wanaume 100, wapatao 27 huipata wakati fulani wa maisha yao, na kwa wanawake ni watatu hivi. Kubeba mizigo mizito, kikohozi kisichoisha, kujikamua chooni, na kwa wazee kujikamua wakati wa kukojoa, huweza kuuongeza udhaifu uliokwishakuwapo. Hapana fedheha yoyote katika maradhi haya, na hayatokani na mwenendo wa mtu.

Katika ukanda wa pwani, kuanzia Kilifi na Kwale kupitia Tanga hadi Lindi na Mtwara, kuna jambo moja zaidi la kuangalia. Huko matende na mabusha yamekuwapo kwa muda mrefu, nayo yanatokana na vijidudu vinavyoenezwa na mbu. Busha ni maji yaliyokusanyika kuizunguka korodani. Ngiri kubwa iliyoteremka hadi kwenye mfuko wa korodani huweza kufanana nalo kabisa kwa mtazamaji. Daktari huyatofautisha kwa kupapasa sehemu ya juu ya uvimbe, kumwambia mgonjwa akohoe, na mara nyingine kumulika tochi: mwanga hupenya kwenye maji, lakini hupenya kwa shida au haupenyi kabisa kwenye utumbo uliojaa. Kwa mtoto mchanga kipimo cha tochi hudanganya, na hata kwa mtu mzima mtu mmoja huweza kuwa na vyote viwili. Picha ya ultrasaundi husaidia pale penye shaka. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa upasuaji wa busha si upasuaji wa ngiri, na gharama zake pia si sawa.

Kuna ngiri ya paja, ambayo hutokeza chini kidogo ya mkunjo wa kinena na huwapata wanawake zaidi. Ni ndogo, pengine kama kokwa la embe dogo, na mwenye nayo huweza kuidharau akidhani ni tezi. Hiyo ndiyo ngiri inayobana utumbo kwa wepesi zaidi kuliko zote za kinena, na mwanamke aliyegundulika kuwa nayo asikubali kuahirishwa miezi na miezi. Kuna ngiri ya kitovu, na kuna ngiri ya kovu inayotokea mahali palipowahi kupasuliwa, likiwamo kovu la kujifungua kwa upasuaji.

Watoto wana kanuni zao. Kitovu cha mtoto kilichotokeza mara nyingi hujirudi chenyewe kabla hajatimiza miaka minne au mitano, na hakuna haja ya kukifunga sarafu wala kitambaa. Ngiri ya kinena ya mtoto mchanga ni kinyume chake: haijirudi, hubana kwa urahisi, na inahitaji kufanyiwa upasuaji mapema. Upasuaji huo kwa mtoto ni mwepesi kuliko wa mtu mzima, kwani daktari hukifunga tu kifuko kilichoshuka, wala haweki wavu wowote. Mzazi akiambiwa kuwa mtoto wake mchanga atawekewa wavu wa kinena, anayo haki ya kuomba maelezo zaidi.

Je, inawezekana kusubiri?

Wapo wanaume wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua: hutokea jioni, hurudi wakilala, haiumi. Kwa hao, kusubiri chini ya uangalizi wa daktari ni chaguo halali. Utafiti uliofanyika Amerika Kaskazini na kuchapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanaume 720 wa namna hiyo, baadhi wakapasuliwa mara moja na wengine wakasubiri. Miongoni mwa waliosubiri, ajali ya ngiri kukwama ghafla ilitokea kwa watu wasiofikia wawili katika kila 1000 kwa mwaka. Hata hivyo, takribani robo yao waliomba upasuaji ndani ya miaka miwili kwa kuwa maumivu yalikuwa yamezidi, na baada ya miaka kumi waliokwishapasuliwa walikuwa kama theluthi mbili. Kwa wengi, basi, kusubiri ni kuahirisha.

Twaomba takwimu hizo zisomwe kwa makini. Watu wale walikuwa na gari la wagonjwa la kuita kwa simu na hospitali yenye daktari wa upasuaji usiku na mchana. Mvuvi wa kisiwani ambaye hutegemea jahazi na upepo, au mfugaji aliye mwendo wa siku nzima kutoka barabara kuu, hawezi kuipima hatari hiyo kwa mizani ileile. Kwa maoni yetu, umbali kati ya nyumba yako na chumba cha upasuaji ni sehemu ya ugonjwa wako, na unapaswa kumtajia daktari unapomweleza habari zako. Aidha, mashauri haya ya kusubiri hayawahusu wenye ngiri ya paja, wala watoto wachanga, wala mtu ambaye ngiri yake imeanza kuuma au kukataa kurudi.

Yafuatayo hayasubiri hata kukuche: uvimbe uliokuwa ukirudi sasa umekuwa mgumu na haurudi, maumivu makali, kutapika, tumbo kujaa na kukosa haja kubwa na hewa, ngozi ya juu ya uvimbe kubadilika rangi. Hizo ni dalili kwamba utumbo umebanwa na huenda damu haiufikii. Usikande kwa maji ya moto, usilazimishe kuurudisha, usile wala usinywe chochote. Nenda hospitali yenye huduma ya upasuaji, si duka la dawa. Utumbo uliokosa damu huweza kufa ndani ya saa chache, na hapo upasuaji uliokuwa mdogo hugeuka kuwa wa kukata kipande cha utumbo.

Kushona au kutia kiraka

Fundi cherehani aliyeletewa shati lililochanika ana njia mbili. Anaweza kuzivuta kingo mbili za mchaniko akazishona pamoja, au akaweka kiraka. Upasuaji wa ngiri ya kinena umepita katika njia hizo hizo.

Njia ya kushona ni ya zamani. Katika miaka ya 1880, daktari Edoardo Bassini wa Padua, Italia, aliweka utaratibu wa kuishona misuli na kano za kinena ili kuziba upenyo. Njia yake ilienea duniani na bado inatumika katika hospitali nyingi zetu kwa kuwa haihitaji kifaa cha ziada. Upungufu wake ni ule wa shati: misuli iliyovutwa kwa nguvu huuma, na mshono huweza kuachia. Huko Toronto, Canada, Edward Earle Shouldice aliiboresha kwa kushona tabaka juu ya tabaka. Mikononi mwa mabingwa waliobobea njia hiyo hutoa matokeo mazuri, ila si rahisi kujifunza. Mohan Desarda wa India naye alibuni njia ya kutumia ukanda wa tishu ya mgonjwa mwenyewe kama kiraka, nayo imejaribiwa pia katika hospitali za Afrika Mashariki.

Njia ya kiraka cha kigeni ilipata umaarufu katika miaka ya 1980 kupitia Irving Lichtenstein wa Los Angeles. Daktari hupasua sentimita chache kwenye kinena, hurudisha kilichotoka, kisha hutandaza wavu laini wa plastiki, kwa kawaida polipropilini, juu ya sehemu dhaifu bila kuivuta misuli. Tishu za mwili huota ndani ya vitundu vya wavu na kuufanya sehemu ya ukuta. Wavu huo hauondolewi; hukaa maisha yote.

Je, wavu ni bora kuliko kushona? Kwa ngiri ya kinena ya mtu mzima, jibu letu ni ndiyo, lakini si kwa kiasi kinachovumishwa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio 25, yalionyesha kuwa kwa kila wagonjwa 46 wanaowekewa wavu badala ya kushonwa, ngiri moja huzuiwa isirudi. Hiyo ni faida ya kweli, hasa kwa mtu asiye na uwezo wa kugharimia upasuaji wa pili. Hata hivyo, mgonjwa aliyeshonwa vizuri na daktari mzoefu hakudhulumiwa. Wavu una masharti yake pia: ukipata maambukizi ni kazi kubwa kuutibu, na kwa hiyo pale utumbo ulipokufa na uchafu kumwagika, madaktari wengi huuepuka. Kwa ngiri ya kitovu ya mtu mzima, miongozo ya sasa inapendekeza wavu ikiwa tundu lina upana wa sentimita moja au zaidi.

Kuhusu bei, tunalo jambo la kufurahisha la kueleza kutoka jirani. Mashariki mwa Uganda, wanaume 302 walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2016: nusu waliwekewa wavu wa kitabibu wa bei ghali, na nusu wavu wa bei nafuu uliotokana na kitambaa cha chandarua, uliokatwa na kutakaswa hospitalini kwa utaratibu maalumu. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu katika kundi la wavu wa bei nafuu, na kwa kundi la pili hakuna. Hatusemi haya ili mtu akate chandarua chake cha kitandani akakipeleka hospitalini. Chandarua cha nyumbani kina dawa ya kuua mbu na hakikutayarishwa kuingia mwilini. Tunasema ili msomaji ajue kwamba bei kubwa ya wavu peke yake si uthibitisho wa ubora wake. Lililo la lazima kwa upande wa Tanzania ni kuwa kifaa tiba chochote kiwe kimepita kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Matundu madogo

Njia ya tatu ni upasuaji wa matundu madogo. Daktari hutoboa matundu matatu, huingiza kamera na vyombo vyembamba, na kuuweka wavu kwa upande wa ndani wa ukuta wa tumbo. Maumivu ya siku za mwanzo hupungua na mgonjwa hurejea kazini mapema zaidi. Njia hii inafaa hasa kwa mwenye ngiri pande zote mbili, kwa aliyerudiwa na ngiri baada ya kupasuliwa kwa njia ya wazi, na kwa wanawake, kwa kuwa daktari huiona pia sehemu inakojificha ngiri ya paja.

Lakini katika nchi zetu ndiyo njia inayouzwa kwa maneno mengi kuliko zote. Mitambo yake ni ghali, inahitaji usingizi kamili, na ujuzi wake huchukua muda: miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 inakadiria kuwa daktari huhitaji kuifanya mara 50 hadi 100 kabla ya kuimudu sawasawa. Kwa ngiri ya kawaida ya upande mmoja, wavu uliowekwa kwa njia ya wazi na mikono iliyozoea ni salama kuliko kamera iliyoshikwa na anayejifunza bila msimamizi. Anayekuambia kwamba njia ya wazi imepitwa na wakati anakuuzia kitu.

Ganzi na usingizi

Upasuaji wa wazi wa kinena unaweza kufanyika kwa ganzi ya sehemu inayopasuliwa tu, mgonjwa akiwa macho na akizungumza. Ni njia nzuri kwa wazee na wenye maradhi ya moyo au mapafu, na ni nafuu, ilimradi daktari ana mazoea nayo. Hospitali nyingi hutumia ganzi ya uti wa mgongo, inayofanya sehemu ya chini ya mwili isihisi kwa saa kadhaa. Kwa wanaume wazee huweza kuzuia mkojo kwa muda. Usingizi kamili, yaani nusukaputi, hutumika kwa watoto, kwa matundu madogo na kwa dharura nyingi. Muulize mtoa usingizi mwenyewe, naye umwambie dawa unazotumia, za hospitali na za mitishamba, na kama una kisukari au shinikizo la damu. Kikohozi sugu kitibiwe kwanza, na mvutaji sigara aache wiki kadhaa kabla.

Maumivu yasiyotajwa

Kuna athari moja ambayo mara nyingi haitajwi wakati wa kutia saini fomu ya ridhaa. Kinena kina mishipa ya fahamu inayopita palepale daktari anapofanya kazi. Kwa mujibu wa miongozo tuliyoitaja, kati ya wagonjwa 10 na 12 katika kila 100 hubaki na maumivu ya kinena yenye uzito baada ya miezi mitatu, mengi yakipungua kadiri muda unavyokwenda. Kwa wachache, maumivu huvuruga kazi na maisha ya kila siku. Hili halitishi kiasi cha kumfanya mwenye ngiri inayouma aache kupasuliwa. Lakini kwa mtu ambaye ngiri yake haimsumbui kabisa, ni hesabu ya kuwekwa mezani. Ganzi ya ngozi kuzunguka kovu, uvimbe wa muda na damu kuvilia kwenye mfuko wa korodani ni mambo ya kawaida zaidi na huisha. Madhara kwa korodani ni nadra. Wanaume huogopa kuuliza juu ya nguvu za kiume. Kwa kawaida upasuaji huu hauziondoi, na wengi waliokuwa wakiumia wakati wa tendo hupata nafuu.

Gharama na maswali

Omba makadirio ya gharama kwa maandishi, yenye kila kipengele: kumwona daktari, vipimo, chumba cha upasuaji, ganzi au usingizi, wavu, nyuzi, dawa, kitanda na ziara za baadaye. Wavu ndio unaosahaulika. Bima huweza kulipia upasuaji na isilipie wavu, au mgonjwa akaelekezwa kwenda kuununua duka la nje asubuhi ya siku yenyewe, akiwa hajala na hana pa kulinganisha bei. Uliza mapema.

Muulize daktari: Nina ngiri ya aina gani? Unapendekeza njia ipi, na kwa nini si nyingine? Umeifanya njia hiyo mara ngapi kwa mwaka? Nikipata tatizo usiku, nimpigie nani? Swali la mwisho lina uzito zaidi katika kambi za madaktari bingwa zinazotembelea wilaya. Kambi hizo zimewapunguzia wengi mzigo mkubwa, ila mabingwa huondoka baada ya siku chache. Hakikisha unajua jina la daktari wa hospitali hiyo atakayekuangalia wakishaondoka. Daktari mwenye ujuzi hakasiriki kuulizwa. Akikasirika, tafuta maoni ya pili, maana ngiri isiyokuwa ya dharura hukupa nafasi hiyo.

Baada ya upasuaji

Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au inayofuata. Tembea tangu siku ya kwanza. Kula matunda na mboga na kunywa maji ya kutosha ili usijikamue chooni. Miongozo ya kimataifa inasema aliyewekewa wavu anaweza kurejea shughuli zake mara tu anapojisikia vizuri, bila katazo la muda mrefu. Madaktari wengi kwetu hushauri wiki kadhaa bila kubeba mizigo, hasa kwa aliyeshonwa bila wavu. Fuata ushauri wa aliyekupasua, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiona misuli yako. Mkulima au mchukuzi apange upasuaji wake kwa kuangalia msimu, na kijana wa kumsaidia shambani atafutwe kabla, si baada. Homa, usaha kwenye kidonda, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au kushindwa kukojoa ni sababu za kurudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

Usitoke wodini bila karatasi ya ruhusa iliyoandikwa aina ya ngiri, njia iliyotumika na upande uliopasuliwa. Kama uliwekewa wavu, omba kibandiko cha pakiti yake chenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo kibandikwe kwenye karatasi hiyo. Itunze pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Daktari atakayekupasua tumbo miaka ishirini baadaye, kwa sababu yoyote ile, atataka kuiona.